Kubadili beringi za kamshafti ya pikipiki nyumbani: kifaa gani ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Boxer yangu ilianza kulia juu ya injini kipindi nilichozoea safari za Sengerema, baada ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa Juni 2025. Asubuhi ikiwa baridi husikii kitu. Ukifika Usagara injini imeshachemka, inakwaruza kama mtu anakoroga mchanga kwenye sufuria. Nikaseti tapeti (ile nafasi ndogo ya valvu), sauti ipo. Nikashika bisibisi ndefu, ncha kwenye silinda hedi (kichwa cha injini), mpini sikioni. Beringi hizo.

Kabla hujatoa hela yoyote, jua kwanza una injini gani. Boxer, TVS na nyingine zenye kamshafti, yaani shafti inayofungua valvu, juu kwenye hedi, shafti hiyo inazunguka kwenye beringi za gololi. Injini za mtindo wa CG, ambazo pikipiki nyingi za Kichina zinazo, kamu iko chini na valvu zinasukumwa na fimbo. Hizo hazina beringi za namna hii. Ukilishwa maneno dukani ununue pula (kifaa cha kuvuta beringi itoke kwenye shafti) kwa ajili yake, umepigwa.

Namba moja: pula

Hapa ndipo hela yako iende. Dukani utaonyeshwa za aina tatu, na muuzaji atakusifia iliyo kubwa kwa sababu ndiyo yenye faida. Achana nayo. Pula kubwa ya kucha tatu ni ya puli za magari. Kucha zake ni nene, na nyuma ya beringi ya kamshafti nafasi ni nyembamba, pengine ukucha wa kidole tu ndio unapita.

Iliyo bora ni ya sahani mbili: vipande viwili vya chuma vyenye makali kama kisu, unavibana kwa boliti mbili mpaka makali yaingie nyuma ya beringi, halafu unavuta kwa skrubu ya katikati. Ukipata yenye uwazi mdogo wa kuanzia, chukua. Ya pili kwa ubora ni pula ndogo ya kucha mbili, mradi kucha ziwe zimechongwa nyembamba. Hiyo hushika ringi ya nje, kwa hiyo nguvu yote inapita kwenye gololi na beringi inakufa hapo hapo. Kwa beringi unayoitupa si tatizo. Kwa unayotaka kuirudisha, usithubutu.

Nyundo na tindo naviweka mwisho kabisa, ingawa ndivyo utakavyoviona kwenye vijiwe vingi. Fundi mmoja aliwahi kunitolea beringi hivyo huku ananiambia, "Tulia bosi, hii kazi ndogo." Tindo liliteleza, likachora shafti mahali ringi ya ndani inapokaa. Beringi mpya ikakaa kwa kujilazimisha, na nikarudi kijiweni ndani ya mwezi.

Kama una pikipiki moja tu na huna mpango wa kuirudia kazi hii, usinunue pula. Toa kamshafti mwenyewe, ifunge kwenye kitambaa, ipeleke kwenye karakana yenye presi (mashine ya kubonyeza), mfano kule Nyakato, Mwanza, wakutolee na kukubonyezea mpya huku umesimama unaangalia. Mwenye bodaboda tatu au nne, pula itamlipa.

Namba mbili: toki, ile ndogo

Watu wengi hununua toki spana ya magari, spana inayopima nguvu ya kukaza, kisha wanashangaa. Toki kubwa, yenye kichwa cha soketi cha nusu inchi, kwa kawaida huanza kupima juu sana. Boliti za hedi yako za milimita 6 zinataka kama Nm 10 (kipimo cha nguvu ya kukaza) hivi, na zinaingia kwenye aluminiamu. Tafuta ya robo inchi, inayopima kuanzia Nm 5 hadi 25. Niliwahi kukaza boliti kama hiyo kwa mkono nikijiamini. Ghafla ikawa laini, inazunguka tu haishiki. Uzi ulikuja na boliti umejiviringisha kama waya wa fedha. Kutoboa na kuweka uzi mpya kulinigharimu zaidi ya hiyo toki niliyoikwepa.

Fila geji, vibati vyembamba vya kupimia nafasi ya valvu, ni ya bei ndogo na utaihitaji, maana tapeti lazima zisetiwe upya. Kagua kitu kimoja: iwe na ulimi wa milimita 0.05. Nyingine zinaanzia 0.10, na pikipiki hizi ndogo mara nyingi zinataka kati ya 0.05 na 0.10. Kwa soketi, namba 8, 10, 12, 14 na 17 zinatosha, za pembe sita. Lile boksi la vipande mia moja linalong'aa liache linapong'aa.

Beringi zenyewe

Usinunue kwa jina la pikipiki, nunua kwa namba iliyochorwa ubavuni mwa ile ya zamani. Namba ina maana. 6002 ina tundu la milimita 15, upana wa nje 32, unene 9. 6003 ni 17, 35 na 10. Na 6202 ina tundu la 15 kama 6002, ila nje ni 35 na unene 11, kwa hiyo "zinafanana" ya muuzaji isikudanganye. Kama kuna C3 mwishoni, rudisha C3. Maana yake gololi zimeachiwa nafasi zaidi kwa ajili ya joto. Kama ya zamani ilikuwa wazi, chukua iliyo wazi, oili ya injini ndiyo inailainisha.

Kuingiza hakuhitaji kifaa cha kununua. Kipande cha bomba kinachokaa kwenye ringi ya ndani peke yake kinatosha. Ukigonga ya nje umeiua kabla haijafanya kazi. Mimi shafti niliilaza usiku kucha, ndani ya mfuko wa nailoni, kwenye friza ya mama jirani anayeuza barafu. ("Baba, hiki chuma nacho kinaoza?") Asubuhi nikapasha beringi kwenye oili safi mpaka ikawa ya moto, bila kufika kutoa moshi. Ikateleza yenyewe mpaka mwisho, mlio mmoja tu: tk.

Cheni ya taimingi, ile inayozungusha kamshafti, uwe umeifunga waya muda wote isidondoke ndani. Ukishalinganisha alama za taimingi na kukaza, kabla ya kupiga kiki zungusha magneto kwa spana mizunguko miwili kamili, taratibu. Ikigoma mahali popote, usilazimishe. Fungua, hesabu upya meno ya gia ya kamshafti.