Mhandisi mitambo Tanga: saruji au mkonge?

Kijana mwenye shahada ya uhandisi mitambo anayetaka kubaki Tanga hukutana na milango miwili mikubwa: saruji pale Pongwe, au mkonge, zao lililoingia huku mwaka 1893.

Kwenye saruji kazi imegawanywa. Unaweza kukabidhiwa tanuru tu, ambamo malighafi hufikia nyuzijoto 1,450 hivi, ukawa unapima mtetemo wa beringi, unaagiza vipuri na kusimamia mafundi wakati wa matengenezo makubwa. Tanuru likisimama hasara huhesabiwa kwa saa, hivyo simu ya usiku wa manane ni sehemu ya ajira. Malipo kwa kawaida ni manono zaidi. Ila uliza kipi ni mshahara wa msingi na kipi ni posho ya zamu, maana posho hukoma ukiondolewa zamu.

Kwenye mkonge mshahara ni mdogo, ingawa mara nyingi hupewa nyumba shambani. Majukumu ndiyo mengi: korona (mashine ya kutenganisha nyuzi na jani la mkonge), pampu za maji, mashine za brashi za kusafishia nyuzi, matrekta, vyote vyako. Mimi naamini huko mhandisi mchanga hukomaa upesi, kwa sababu hakuna wa kumsukumia tatizo.

Lakini kuna Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Mafunzo yake ya vitendo kwa wahitimu huchukua miaka 3 chini ya mhandisi aliyesajiliwa. Kabla ya kusaini, uliza kama shambani yupo. Kama hayupo, nenda Pongwe.