Tambi za mchele za pakiti: nimezipika wiki tatu hapa Mtwara, nzuri sana ila maelezo ya nyuma yapuuzeni

Jamani niseme mapema, mi sio mtu wa vyakula vya kigeni, mi ni wa ugali wa muhogo na samaki wa feri, na ming'oko, vile viazi pori vya huku kusini, msimu wake ukifika. Sasa mwanangu wa kike karudi likizo kutoka chuo, kasema hali tena nyama wala samaki wala mayai wala maziwa, wenyewe wanaita vigani. Mtwara hii! Mtu unalala Shangani bahari unaisikia kitandani halafu samaki huli. Bibi yake akamuuliza "mjukuu wangu, nani kakutilia mwiko?" mtoto kacheka tu. Wiki nzima wali maharage, wali kisamvu, wali maharage, mpaka mi mwenyewe nikachoka, ndo akaniambia mama nunua tambi nikupikie vya Kichina, robo saa tu tunakula.

Tukaanza na zile za dakika mbili za kwa Mangi, mia nane pakiti. Huyu mtoto anasoma nyuma ya pakiti kama anasoma wosia, akakuta kwenye kile kikaratasi cha kiungo kuna unga wa kuku na unga wa maziwa, basi kikatupwa, na bila kile kikaratasi zile tambi hazina ladha yoyote. Akanieleza kuwa zenyewe zimeshakaangwa kabla hazijafika kwako, aliyezibuni Mjapani Momofuku Ando mwaka 1958 ujanja wake ulikuwa huo, tambi ikizamishwa kwenye mafuta ya moto maji yanatoka inabaki na vitundu, wewe ukiimwagia maji ya moto inayanywa tena. Kumbe ndo maana supu yake inaelea mafuta hata kama hujatia tone. Hizo tuziache, sio nilizokuja kuzisema.

Nilizokuja kuzisema ni tambi za mchele, bapa, upana kama utepe mwembamba wa cherehani. Nimezipata duka moja karibu na soko kuu, shelfu ya chini kabisa nyuma ya makopo, gramu 400 kwa 4,500. Viungo vimeandikwa viwili, mchele na maji, basi. Hilo peke yake nimelipa alama.

Ila aliyeandika yale maelezo ya kupika sijui alikuwa anawaza nini. Yanasema chemsha dakika nane. Nimechemsha dakika nane, saa nimeshika mkononi, nikamwaga kwenye chujio likatoka bonge moja zima kama ugali, tukalikata kwa mwiko tukala hivyo hivyo tumenuna. Ngano ina ule mnato wake unaofanya unga wa chapati uvutike, ndo unaoishika tambi isivunjike, mchele hauna huo mnato kwa hiyo ukiuchemsha tambi inarudi kuwa uji. Sa hivi hatuchemshi kabisa. Tunaziloweka kwenye maji ya uvuguvugu kama nusu saa, mpaka ukiikunja inakunjika lakini ukiing'ata katikati bado ngumu kidogo, unachuja, unazipaka mafuta kidogo zisigandane, zinaenda kumalizikia kwenye karai. Tangu tuanze hivyo hazijatuangusha hata siku moja.

Na karai ndo sufuria yake hasa, wala usiende kununua lingine, lile lile la kukaangia mihogo. Limechimbika, chini linashika moto kuliko pembeni, kinachoiva unakisogeza pembeni. Moto uwe mkali na upike kidogo kidogo, sahani mbili kwa mkupuo, ukijaza karai zinatoa maji zinakuwa za kuchemsha. Jiko la mkaa linataka upepee kwelikweli, la gesi raha zaidi (gesi ya Mnazi Bay ipo hapo pua na mdomo, bomba la kuipeleka Dar lilizinduliwa 2015, mi bado nabeba mtungi wa gesi iliyokuja kwa meli, haya tuendelee).

Sasa kilichonishangaza ni hivi, ukitoa tambi na chupa ya sosi, vingine vyote vilikuwa humu humu ndani. Ukwaju, ambao Wathai wanautia kwenye tambi zao za kukaanga, sisi tunautengenezea juisi. Nachukua ukwaju mzito vijiko vitatu, sukari viwili, sosi ya soya viwili, pilipili unavyoweza, nachanganya kabla sijawasha moto maana ukianza kukaanga huna nafasi ya kutafuta kijiko. Kitunguu saumu na tangawizi kwanza, kabichi na karoti zilizokatwa nyembamba, halafu tambi, halafu sosi unaipitishia ukingoni mwa karai iungue kidogo inukie. Dakika nne tano, umemaliza. Juu unamwagia korosho vipande, zile za kuvunjika ambazo bei yake nafuu, umezikaanga kavu. Kule wanaweka karanga, mi nasema wangeonja hizi wangeacha.

Chipukizi za choroko nazo nimezifanya mwenyewe. Unaloweka choroko usiku, asubuhi unamwaga maji, unafunika na kitambaa kibichi gizani, unasuuza asubuhi na jioni, kwa joto la huku siku mbili ya tatu zina mikia. Mara ya kwanza nilisahau kusuuza siku nzima, nilivyofunua nyumba ilinuka tukafungua madirisha yote. Kosa langu hilo, choroko hazina lawama.

Mafuta ya ufuta ndo yaliniuma. Duka lile lile yapo, kichupa cha kushika kwa vidole viwili, 12,000, yametoka nje huko. Yaani ufuta wa Lindi na Mtwara tunaupeleka mnadani, mwingi unaenda China, halafu turudishiwe kwa chupa ya dawa ya kikohozi? Nikakirudisha shelfuni. Nimekaanga ufuta wenyewe mkavu mpaka unadunda, nikautwanga kwenye kinu na chumvi, unanyunyizia mwishoni kabisa, harufu ile ile tena imekoza.

Sosi ya soya hapa nawaonya. Nilianza na chupa ya 2,000, nyeusi tii, nikasoma nyuma: maji, chumvi, rangi, vitu vya kuongeza ladha. Soya yenyewe haimo! Ya kweli inachachushwa miezi, viungo vyake soya, ngano, chumvi na maji, hiyo nimeipata kwa 6,000 na unatumia kidogo tu kwa hiyo inakaa. Na mkiona ya chaza au ya samaki, hiyo sio ya huyu mtoto wangu hata kama kwenye karatasi wamechora mboga.

Pishi la pili ambalo mi nalipenda kuliko hata la kukaanga ni la mchuzi. Tui la pili linachemka na tangawizi, mchaichai wa uani uliopondwa, pilipili, bizari kidogo na bamia au mchicha, tui zito mwisho, tambi zilizolowekwa unaziweka bakulini unazimwagia mchuzi wa moto, unakamua ndimu. Kule Malesia wanatia na uduvi uliosagwa, sisi tumeongeza chumvi na ukwaju kidogo hatujaona pengo. Bibi yake amekula bakuli mbili siku hiyo. Ya kwanza kimya. Ya pili kauliza "hivi hamna hata kadagaa kamoja humu?"

Alama zangu nne kwa tano. Pakiti moja tunakula watu wanne tunashiba, sosi bado ipo mpaka leo, kwa mtu anayerudi kazini saa kumi na mbili jioni kashachoka ni chakula cha haraka kuliko wali. Nimekata moja kwa yale maelezo ya dakika nane na kwa sababu pakiti nyingi zimevunjika ndani, ukiitikisa unasikia kama mchanga, itikise kwanza kabla hujalipa. Na mwenye duka analeta pakiti chache mno, juzi nimekuta zimebaki tatu, mbili tarehe inaisha mwezi ujao. Nimechukua ile ya tatu.