Nililipia programu, ikanipa namba ya uongo, halafu nikaambiwa nisome mwongozo

Hasira hii nimekaa nayo wiki kadhaa, leo naitoa. Programu ni ya kemia ya kwanta, yaani inakokotoa tabia za molekuli kwa kompyuta, leseni ya kulipia kila mwaka. Mipito ya kutoka hali ya chini (molekuli ikiwa na nishati ndogo kabisa) kwenda hali za msisimko (ikiwa imepandishwa nishati) inaikokotoa vizuri, hapo sina neno. Mimi nilitaka kingine: molekuli ya rangi imeshapigwa mwanga, imetulia kwenye hali ya kwanza ya msisimko, ikipigwa mwanga wa pili, itafyonza kiasi gani? Wenzangu maabara wanakipima kitu hicho kwa mipigo miwili ya leza, na walikuwa wananisubiri mimi.

Kazi ilikimbia siku mbili. Nafungua faili, momenti ya mpito, yaani kipimo cha nguvu ya ufyonzaji huo, kutoka hali ya kwanza kwenda ya saba ni debai (kizio chake) 900 na ushee. Mia tisa! Molekuli yenyewe haifiki atomi 40. Nikarefusha bondi moja kidogo tu, ikashuka hadi 60. Nikabadili seti ya besi, yaani zile fomula za kuelezea elektroni, ikaruka tena.

Nikawaandikia huduma kwa wateja kwa adabu, faili zote nimeambatisha. Jibu mstari mmoja: kosa ni langu, nisome mwongozo. Jamani, mwongozo ule nimeusoma mpaka kurasa zimenikaa kichwani! Siku ile sikufanya kazi tena. Nilijiona mjinga mbele ya wenzangu, na nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba kweli nimekosea.

Niliandika tena, akajibu mtu mwingine, na huyo namshukuru kwa dhati. Alinieleza taratibu kwamba TDDFT, nadharia inayotumiwa na programu hiyo, ambayo wanafizikia Runge na Gross waliiwekea msingi mwaka 1984, kwa kawaida hupata nishati za msisimko kutokana na mwitiko wa hali ya chini. Mpito kati ya hali mbili za msisimko unadai mwitiko wa daraja la pili, na kwa ukadirio wa adiabatiki (kurahisisha hesabu kwa kupuuza yaliyopita, kutazama elektroni za wakati uleule tu) pana shimo: tofauti ya nishati ya hali hizo mbili ikikaribia nishati ya msisimko wa hali yoyote, hata mojawapo ya hizo mbili, asili ya sehemu inaelekea sifuri na jibu linalipuka. Hali yangu ya kwanza iko eV 2.1 (eV ni kizio cha nishati), ya saba 4.2. Toa uone: 2.1, sawa na ya kwanza yenyewe. Akanionyesha chaguo la wimbi bandia, linaloondoa kwenye hesabu vipande vyenye mlipuko. Momenti ikatulia chini ya debai 5.

Kwa hiyo nyota moja niliyokusudia nikaifanya tatu, maana udhaifu ni wa nadharia, na programu nyingine zinazotumia njia hiyo zinao pia. Lakini kila nikikumbuka ule mstari mmoja damu inachemka. Mlikuwa mnajua! Na mpaka leo, usipoweka chaguo hilo, inachapa ile 900 kwenye jedwali, katikati ya namba za kweli, bila neno la tahadhari. Basi, nyota mbili.