Keria ya aluminiamu imenikatikia mlimani, na majibu niliyopewa ndiyo yameniudhi zaidi

Masanduku yenyewe ya kubebea mizigo kwenye pikipiki sina neno nayo, niseme hilo mapema kabla hasira hazijapanda. Tumepigwa mvua huko juu, mvua ya kutoona mbele, jioni nafungua nguo kavu, begi la kulalia kavu, mpaka kiberiti kinawaka. Kwa hilo nawapa haki yao kabisa. Kinachoniuma ni keria, yale mabomba yanayoshika sanduku ubavuni mwa pikipiki, na kuliko hata keria kinachoniuma ni yule jamaa aliyeniuzia.

Ilikuwa kama katikati ya safari, lami tumeiacha kitambo, barabara ya changarawe ile yenye mawimbi mawimbi inayotikisa mpaka meno, tunateremka kuelekea ziwani ambako tulipanga kupiga hema. Kwenye kona nasikia mkia wa piki unavutwa kushoto, nikajua pancha. Sijakaa sawa nasikia krrrr, sanduku linasugua tairi la nyuma. Jamani! Mteremko, kona, chini kule bonde tupu, na kitu kinasugua tairi. Namshukuru Mungu mwendo ulikuwa mdogo. Kushuka kuangalia, bomba la chini limekatika pale pale walipochomelea, halijapinda popote, limeachia tu, na sanduku lote linaning'inia kwenye bolti moja ya juu.

Na mzigo nilikuwa nimeupima kabla ya kuondoka, kila sanduku lilikuwa chini ya kiwango walichobandika wenyewe kwenye kifuniko, vitu vizito nimeviweka chini na mbele kama inavyotakiwa ili gurudumu la mbele lisiwe jepesi. Maji tulibeba kwenye tangi begi, lile begi linalokaa juu ya tangi la mafuta. Kwa hiyo asije mtu na habari za kuzidisha mzigo.

Ziwani hatukufika. Tulilala kando ya barabara kwenye mteremko, hema limekaa upande, usiku kucha unaporomoka na godoro lako, wakati ziwa lile tulikuwa tunaliona kwa mbali kabisa na ndilo lililotutoa nyumbani.

Asubuhi mtandao ukashika nikampigia jamaa. Nimeeleza kwa adabu, nimetuma na picha. Anajibu, "Kaka, hiyo ni aluminiamu, wewe ulitegemea nini?" Nilitegemea nini! Nilitegemea kile mlichonionyesha kwenye tangazo, piki imejaa tope, mlima nyuma, hema pembeni, masanduku haya haya na keria hii hii! Siku ya kuchukua hela hakusema ni aluminiamu kwa sauti hiyo, alisema "nyepesi bosi, utaifurahia". Nikamuuliza waranti, akasema waranti ni ya barabara nzuri, halafu akakata simu. Akakata, niko porini na piki mbovu.

Fundi wa kuchomelea tuliyempata mbele huko alinifundisha mengi kuliko wauzaji wote. Alisema chuma ukikitikisa kidogo kidogo bila kupita kiwango chake kinaweza kuvumilia tu, aluminiamu haina kiwango hicho, kila mtikisiko unajihesabu mpaka siku yake inafika. Halafu moto wa kuchomelea unailainisha pale pembeni ya kiungo, sasa kama hukuongeza kipande cha kuimarisha ndipo hapo hapo itakapoachia. Na kuirudishia ni kazi, maana yenyewe inayeyuka nyuzi 660 tu lakini utando wake wa juu unataka zaidi ya 2000, mpaka utando uachie ndani kumeshakuwa uji. Inataka mashine yake na gesi ya agoni, ambayo yeye hakuwa nayo na wala sishangai, nani anayo huko milimani? Akanitengenezea kishikio cha chuma, kizito, kibaya kwa macho, kimefika mpaka mwisho wa safari na barabara ya kurudi ilikuwa mbovu zaidi.

Sasa niseme nini kuhusu bidhaa. Kwa anayekaa kwenye lami mwanzo mwisho keria inaweza ikamtosha, sikatai, nyepesi kweli na piki hailemei ukiwa kwenye kona. Nilitaka hata niseme nunueni masanduku peke yake, keria kachongesheni ya chuma kwa fundi mnayemwamini, hiyo ingekuwa haki. Lakini kila nikikumbuka ile "ulitegemea nini" na simu kukatwa, hapana, hapana kabisa, mtu anayekuuzia kitu cha kubeba maisha yako kwenye kona za milimani halafu anakujibu hivyo asipewe hela ya mtu, hata sanduku lisiingie tone. Nguo kavu zitanisaidia nini nikiwa bondeni? Mimi masanduku nayatumia kwa sababu nimeshayalipia, basi.