Fujiya Hotel ya Hakone: lala pale hata usiku mmoja

Wapendwa, nimerudi juzi kutoka Hakone, kule milimani Japani, na nimeona niandike hii rivyu wakati bado mambo yako mbichi kichwani, maana watu wengi wanaenda Hakone siku moja tu, wanapanda boti ya ziwani, wanakula yale mayai meusi yanayochemshwa kwenye bonde la moshi wa volkano la Owakudani, wanapiga picha, jioni wanageuza Tokyo, na wanapita kabisa mbele ya Fujiya Hotel pale Miyanoshita bila hata kushuka. Mimi ningesema punguzeni vingine vyote mlale Fujiya. Sisi, mimi na mume wangu, tulilala siku mbili na siku ya kuondoka nilikuwa naburuza miguu.

Kufika si kazi. Shinjuku, hapo Tokyo, mnapanda treni ya haraka inaitwa Romancecar mpaka Hakone-Yumoto, halafu pale mnahamia kile kitreni cha mlimani kinachotembea tangu 1919, na hicho kitreni peke yake ni safari tosha. Mlima umesimama kwelikweli, kuna sehemu kwa kila mita 1,000 treni inapanda mita 80, sasa badala ya kuuvaa moja kwa moja inapanda kwa kukata kona za nyuma-mbele, yaani inasimama, dereva anatoka anatembea kwenda mkiani, kondakta naye anakuja upande huu, wanapishana njiani, halafu treni inaondoka kinyumenyume huku inazidi kupanda. Inafanya hivyo mara 3 kabla hujafika Miyanoshita. Tulienda mwishoni mwa Juni, msimu wa ajisai, yale maua ya buluu na zambarau yamebana reli pande zote mpaka mengine yanapangusa dirisha, na usiku wanayawashia taa. Mkishuka stesheni mnateremka kwa miguu dakika kama 7, barabara inapinda, na hoteli hiyo hapo.

Kuiona mara ya kwanza unasimama. Jengo kuu ni la 1891, madirisha ni ya kizungu kabisa ya fremu nyeupe, lakini inua macho uone paa, paa lile ni la hekalu, limejikunja mbele juu ya mlango kama mgongo wa wimbi. Ukiangalia pembeni kuna nyumba mbili za 1906 zenye madirisha marefu ya kizungu, na upande mwingine kuna jengo la 1936 lenye paa refu na vizuizi vyekundu vya baraza. Kila kizazi kilijenga cha kwake na hakikuvunja cha mwenzake. Hicho ndicho kilichonishika mimi, kwa sababu hapo si makumbusho ya kuangalia kwa mbali, ni hoteli inafanya kazi, unashika vile vishikio vya ngazi ambavyo watu wameshika kwa zaidi ya miaka 100 na mti umelainika kama sabuni.

Sasa historia yake, naomba mnivumilie hapa maana ndiyo utamu wenyewe. Mwanzilishi ni Yamaguchi Sennosuke. Alikuwa kijana aliyeenda Marekani mwaka 1871, akarudi akasoma shule ya Keio kwa mwalimu Fukuzawa Yukichi, yule ambaye sura yake ilikaa kwenye noti ya yeni 10,000 miaka mingi mpaka 2024. Mwaka 1878 akanunua nyumba ya wageni ya zamani hapo Miyanoshita akaigeuza hoteli ya kupokea wazungu. Ile nyumba ya zamani ilikuwa inaitwa Fujiya kwa herufi za ua la wisteria, ambalo Kijapani ni fuji, yeye akabakisha sauti ileile ila akabadilisha herufi zikawa za Mlima Fuji, kwa sababu huo ndio Fuji wageni walioujua. (Na msije mkadanganyika na jina, hoteli iko bondeni, Mlima Fuji hauonekani.) Miaka ile mgeni kutoka nje alikuwa hawezi kuzunguka Japani anavyotaka, akitoka mbali na bandari zilizofunguliwa kwa wageni lazima awe na kibali, lakini Hakone ilikuwa karibu na Yokohama na ina maji moto, kwa hiyo mzee aliona biashara mapema. 1883 moto ukaunguza kila kitu. Akaanza upya. Barabara ya magari ya farasi ilikuwa hakuna, watu wanapanda kwa miguu au wanabebwa, basi akahangaika mpaka ikakatwa barabara ya kama kilomita 7 kutoka Tonosawa, ikakamilika 1887.

Halafu kuna kisa cha Naraya ambacho nakipenda kuliko vyote. Jirani yake pale kulikuwa na ryokan, yaani nyumba ya wageni ya Kijapani, kongwe inaitwa Naraya, nayo ikaanza kuchukua wageni wa nje, wakagombania wateja vibaya sana. Mwisho wakakaa chini 1893 wakaandikishana mkataba: Fujiya ichukue wageni wa nje tu, Naraya ichukue Wajapani, na Fujiya iwe inailipa Naraya fidia. Mkataba ukadumu mpaka 1912. Yaani karibu miaka 20 hoteli ipo Japani, imejengwa na Mjapani, na Mjapani hawezi kulala. Ukijua hivyo ndipo unaelewa kwa nini kila kitu mle ndani kimechongwa na kupakwa rangi kwa Ujapani mwingi kiasi kile, ilikuwa ni Japani ya kumwonyesha mgeni.

Aliyezidisha urembo ni mkwe wake, Yamaguchi Masazo. Huyu alizaliwa kwenye familia ya Kanaya, wenye hoteli ya Nikko, alikaa London akifundisha judo, akarudi akaoa binti wa Sennosuke. Alikuwa na masharubu makubwa mpaka akaanzisha klabu ya kimataifa ya wenye masharubu, picha zake zipo kwenye chumba cha makumbusho ndani ya hoteli. Ukumbi mkuu wa chakula wa 1930 na lile jengo la maua la 1936 ni mikono yake.

Huo ukumbi wa chakula, jamani. Dari ni refu, limegawanywa visanduku visanduku vya mbao, na kila kisanduku kina mmea wa milimani umechorwa, jumla mimea 636. Nilipinda shingo mpaka mhudumu akatabasamu, akaniambia taratibu nikimaliza kula niangalie chini pia. Nikaangalia. Kwenye kitako cha nguzo kuna uso umechongwa, macho yametoka, umekunja sura, na wanasema ni uso wa Masazo mwenyewe, kawekwa pale chini anawaangalia wafanyakazi wake wanavyohudumia. Nikachuchumaa kabisa kumwona. Miguu ya wahudumu inapita mbele yake kutwa nzima, na nikuambie ukweli wale watu hawakosei, sahani inatua mezani husikii hata mlio.

Tulikula kari ya nyama ya ng'ombe mchana, ndiyo maarufu hapo. Mchuzi unakuja kwenye chombo chake, wali peke yake, na vikorombwezo pembeni, vile vitunguu vidogo vya siki wanaita rakkyo na vingine. Mchuzi ni mzito, mwanzo unahisi utamu, pilipili inakuja baadaye polepole nyuma ya ulimi. Kabla yake agiza supu ya konsome, rangi ya chai ya rangi, safi unaona mpaka chini ya bakuli, ukionja ndo unashangaa ladha yote ile ilijificha wapi. Usiku ni mlo wa kifaransa na bei yake ni ya kujipanga, na msiende na kandambili na kaptula. Asiye na uwezo wa kulala aje hata mchana ale hiyo kari, atembee bustanini, atakuwa ameonja kidogo.

Wageni maarufu waliopita ni wengi, Charlie Chaplin 1932, John Lennon na Yoko Ono na mtoto wao 1978. Ila mimi aliyenigusa ni Helen Keller. Alifika 1937, haoni, hasikii, akapakata jogoo wa mkia mrefu waliyekuwa wanamfuga hapo akampenda sana. Aliporudi 1948 jogoo ameshakufa, basi wakamchongea wa mti. Yupo mpaka leo kwenye jengo kuu, mkia umeteremka mrefu, unyoya kwa unyoya. Nilifumba macho nikapitisha kidole karibu yake tu bila kugusa, nikawaza huyo mama vidole vyake vilisoma nini pale. Nilisimama muda.

Kulala tulilala kwenye jengo la maua, Hana Goten. Vyumba havitambulishwi kwa namba tu, kila kimoja kina ua lake, limechorwa mlangoni na lipo kwenye kishikizo cha ufunguo, kikubwa hicho huwezi kukisahau mfukoni. Mume wangu hakutaka kukirudisha mapokezi. Na bafuni humohumo chumbani unafungua bomba yanatoka maji ya onsen, yaani chemchemi ya maji moto, si lazima uende bafu la pamoja kama una aibu. Hoteli ilifungwa 2018 kwa matengenezo makubwa na kuimarishwa dhidi ya matetemeko, ikafunguliwa Julai 2020, kwa hiyo vitanda, vyoo na viyoyozi ni vya sasa, lakini mbao, vioo na michongo ni vya wazee.

Ya kujua kabla hamjabuku: majengo yako kwenye mteremko na yameunganishwa kwa korido na ngazi, kwa hiyo mwenye magoti mabovu aseme mapema apangiwe chumba karibu. Wikiendi na msimu wa majani mekundu Novemba bei inapaa, nendeni katikati ya wiki. Na mkipata nafasi ingieni Kikka-so ng'ambo ya barabara, ilijengwa 1895 kama nyumba ya mapumziko ya familia ya mfalme, sasa ni ya hoteli na wanapika chakula cha Kijapani, sisi tuliishia bustanini tu.

Siku ya kuondoka tulipanda kilima kurudi stesheni, na pale juu karibu kabisa na stesheni kuna mkahawa mdogo unaitwa Naraya Cafe. Ndiyo, Naraya ileile. Ryokan yenyewe ilifungwa 2001, wa familia wakafungua huo mkahawa, na nje wameweka kibwawa cha maji moto cha kuchovya miguu. Tulikunja suruali tukatia miguu, kahawa mkononi, mabegi pembeni, paa za Fujiya zinachungulia chini kwenye miti. Treni ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Ya tatu ndo tukafuta miguu.