Nimeuza Turbo Nikachukua Mia Sita, Nitukaneni Tu

Oya wadau, mambo vipi, sauti inafika? Kama upepo unaingia kwenye maiki mnivumilie, ile sponji yake imemezwa na theluji tangu juzi na sijaiona mpaka leo. Haya. Salamu leo fupi maana tangu niposti ile picha mmenisema vya kutosha, "umeuza turbo, umefulia?", "mzee umeishiwa?". Sijaishiwa. Nimeuza pikipiki yangu ya theluji yenye turbo nikiwa na akili zangu timamu, nimechukua hii mia sita, yaani ya cc 600, na leo nawaonyesha kwa nini, mkimaliza kuangalia ndio mnitukane vizuri.

Kabla sijawasha, mnaona hii tepu nyeusi hapa ubavuni na hapa mbele? Nimeziba jina. Ni sababu yenu nyie nyie. Video iliyopita nilisifia kofia, kofia jamani, komenti zote "amelipwa huyu". Sasa hii nimenunua kwa hela yangu na jina silitaji, anayejua pikipiki za theluji ataijua kwa umbo, asiyejua abaki na tepu. Specs pia sisomi, brosha mnazo kwenye simu zenu. Chukueni haya tu: tu-stroki, yaani injini ya mipigo miwili, cc 600, silinda mbili, mkanda wa chini, ule unaoisukuma kwenye theluji, inchi 146. Twende.

Niliyokuwa nayo mnaijua, 850 yenye turbo, mkanda inchi 165. Ile ni mnyama, sitaisema vibaya kwenye nguvu hata mkinilazimisha. Kwa wale wageni, injini ya kawaida ukipanda nayo mlima inakosa pumzi kama mtu, hewa inakuwa nyepesi, kila mita 1,000 unapoteza kama asilimia 10 ya nguvu. Turbo inaisukumia hewa kwa lazima kwa hiyo huko juu bado ina kifua. Ski-Doo ndio walikuwa wa kwanza kuuza tu-stroki yenye turbo kutoka kiwandani kabisa, ile 850 ya mwaka 2020, hosipawa, yaani nguvu za farasi, 165 inazishikilia mpaka mita kama 2,400 juu, washindani wao Polaris wakajibu na turbo yao, Patriot Boost ya 2022, na toka hapo kila mtu akitaka mashine anataka turbo. Na mimi nikataka. Nikapata.

Sasa sikiliza. Misimu miwili nimeendesha ile kitu na nikija kuangalia video zangu mwenyewe naona kitu kimoja, mlima, gumba limekaba kishikizo cha mafuta mpaka mwisho, napanda, nageuza, nashuka. Video nyingine, hivyo hivyo. Nilikuwa abiria! Mashine inaamua, mimi nimeng'ang'ania usukani nasali. Kwenye miti siingii kwa sababu ukigusa mafuta kidogo tu turbo ikiamka umeshafika kwenye mti ambao hukuupangia.

Dogo sogea na kamera, njoo huku kushoto. Hapa ndipo nilipowaitia leo, mengine yote ni maneno tu.

Angalieni miguu. Nataka kukata kushoto. Mguu wa kulia, wa kulia wadau, nauleta huku ubao wa kushoto, nasimama nao. Mguu wa kushoto unaning'inia nje huku, hauna kazi, unaburuza tu kwenye theluji. Usukani nageuza kulia. Ndio, kulia, wakati naenda kushoto, najua inauma kichwani mara ya kwanza, mimi ilinichukua wiki nzima kuikubali. Halafu naivuta mashine inilalie upande huu, nagusa mafuta, tii, mara moja... na imelala. Mmeona? Sikuivuta kwa mgongo, nimeivuta kwa vidole. Vidole!

Sasa inatembea kwa ubavu, inashikilia na ukingo wa mkanda na ski moja tu ya ndani, zile mbao mbili za mbele za kutelezea, ile nyingine iko hewani. Ikitaka kulala kabisa naongeza mafuta chembe, inanyanyuka. Ikitaka kusimama napunguza, inarudi. Gumba ndilo linaloendesha hapa, mikono imestarehe. Naizungukia hii miti miwili midogo, raundi ya kwanza... ya pili... naweza kuwaongelesha huku naendesha, kwenye turbo hapa ningekuwa natukana.

Nazima. Dogo njoo uonyeshe chini. Hii hapa alama. Mfereji mmoja, umekatwa kama kwa kisu, na huu mstari mwembamba ni ski ya kushoto. Ya kulia iko wapi? Tafuteni. Haipo, haijagusa theluji duara zima. Na upana wake, hebu nilale... kichwa changu hapa, miguu hapa, nikijilaza mara mbili na nusu nimemaliza duara. Na ile ya zamani duara kama hili lilikuwa linataka uwanja wa mpira.

Sababu? Watu watakwambia uzito, na ni kweli hii imepungua kilo 20 na kitu, ila mimi naona kikubwa zaidi ni urefu wa mkanda. Na hapa wengi wanachanganya. Zile inchi ni za mzunguko mzima wa mkanda, juu na chini. Kutoka 165 kuja 146 ni inchi 19, sentimita 48, lakini kinachokanyaga chini ni kama nusu tu, kwa hiyo nimepungukiwa sentimita 24 hivi za kukanyaga. Robo mita! Robo mita ndiyo inaamua kama mashine inaenda moja kwa moja kama treni au inacheza. Na bodi ya nyuma pia fupi, ukiiangusha kwa nyuma haikwami na mkia.

Halafu kukwama. Turbo yangu ilizama siku moja kwenye korongo, nilichimba saa mbili, nimevua koti, jasho linaganda kwenye nyusi, mwenzangu anavuta ski, mimi nasukuma, hakuna kitu. Hii juzi nimeizamisha makusudi nione, nikashika hili bomba la nyuma, nikavuta pembeni, nikakanyagia theluji mbele ya mkanda, dakika tano nimetoka. Mwenyewe.

Haya, ubaya wake, msije mkasema ninaficha. Nguvu ni ndogo. Hizi mia sita zipo kwenye hosipawa 125 hivi, na huku juu hata hizo huzipati zote. Wiki iliyopita ilianguka theluji ya kufika kiunoni, unga mtupu, wenzangu wenye turbo wanapita mlimani wanaimba, mimi nafika katikati mkanda unachimba, pua inaangalia mbinguni, nageuza nashuka. Mara tatu. Mara ya nne nikakaa chini nikawa nawapigia makofi. Siku ile, kiukweli kabisa, niliikumbuka turbo mpaka nikafungua picha zake kwenye simu. Na mkanda mfupi ukikaba mafuta kwa hasira ndio unajichimbia kaburi, inabidi uachie gumba mapema na uingie mlimani tayari una spidi.

Kingine kinachonikera, barabarani. Hizi mashine hazina feni, zinapozwa na theluji inayorushwa na mkanda kwenda kwenye bomba za chini ya bodi. Bodi ikiwa fupi, bomba fupi. Njia ikiwa imegandamizwa imekuwa kama kioo, hakuna theluji ya kurushwa, taa ya joto inawaka. Nimefunga hivi vikwaruzo kwenye reli zinazobeba mkanda, vinachimbuachimbua kidogo, vinasaidia, lakini kila nikirudi nyuma nikisahau kuvinyanyua vinapinda. Nimeshapinda viwili. Ujinga wangu, lakini kera ni kera.

Kwa hiyo kuna muda najiuliza labda ningechukua inchi 154, katikati ya hizo mbili, ningepata pumzi kidogo siku za unga. Labda. Halafu nakaa tena juu ya hii nazunguka mti nasahau swali lenyewe.

Kuna aliyeniuliza kwa nini sikuchukua Yamaha, jamaa yangu wewe ulikuwa wapi, walitangaza 2023 wanaachana na pikipiki za theluji, modeli za 2025 ndizo za mwisho kwao Amerika Kaskazini. Walianza 1968 watu wale! Niliumia kwa kweli, ile Sidewinder yao ya foo-stroki, mipigo minne, yenye turbo ukiisikia inapita njia ndefu unasimama unavua kofia. Lakini kuicheza kwenye miti kama hivi, hapana, ile ni ya kunyoosha.

Bei, najua mnasubiri. Tofauti ya turbo na mia sita mpya ni kubwa, kubwa ya kukununulia begi lenye eabagi la maporomoko ya theluji, kifaa cha mawimbi cha kumtafuta aliyefukiwa, koleo na fimbo ya kutafutia mtu, na chenji ikabaki. Na kama hivyo vitu huna na una turbo, wewe bei siyo tatizo lako. Nasema hivyo kwa upendo. Mteremko anapanda mmoja mmoja, wengine wanaangalia, sibadilishi hilo kwa video yoyote.

Habari za chaneli haraka haraka, video ya kubadilisha beliti ya klachi inakuja, ile niliyoahidi mwezi uliopita nikapotea, faili liliharibika, narekodi upya. Na wa live ya Jumapili tutakutana, maswali andikeni kabisa huku chini, ila swali la jina la mashine halijibiwi.

Sasa huyu dogo ananiangalia kwa jicho la kuomba tangu asubuhi. Haya njoo, nipe kamera. Vaa kofia. Kifaa chako umewasha? Nionyeshe taa. Sawa. Hii kamba bana kwenye koti, ukidondoka inazima mashine yenyewe, bila hii itakwenda kijiji cha pili bila wewe. Mguu wa kulia ubao wa kushoto, usukani kulia, mafuta kidogo. Kidogo nimesema. Usikabe. Dogo usika... wewe! Achia! Achia gumba!

Daah. Ameizika mpaka kwenye siti. Wadau wekeni saa, nakwenda kumtoa, tuone kama zile dakika tano nilizowaambia ni za kweli.