Wino wa Distress Oxide kwa mandharinyuma ya kadi za mkono

Kwa muda mrefu nilitengeneza kadi kwa karatasi zilizokwisha kuchapwa maua na mistari, kwa sababu kila nilipojaribu kupaka wino mwenyewe niliishia na madoa pembeni na rangi ya tope katikati. Kilichonitoa huko ni pedi sita (visanduku vidogo vyenye sponji iliyolowa wino wa kupigia mihuri) za Distress Oxide, wino ulioanza kuuzwa na kampuni ya Ranger mwaka 2017 kwa ubunifu wa Tim Holtz, msanii wa kazi za karatasi, na baada ya kadi nyingi, nzuri na mbovu, ninaweza kuusemea.

Wino wa kawaida wa kupigia mihuri huzama ndani ya nyuzi za karatasi na kuacha rangi inayopenyeza mwanga, ilhali wino wa chembe hukaa juu ya karatasi na kuifunika. Distress Oxide umechanganya yote mawili, na ndiyo maana ukinyunyiziwa maji hupauka na kufanya ukungu kama wa chaki. Faida yake huonekana katika tabaka la pili: rangi ya machungwa ikipita juu ya bluu iliyokwisha kukauka hubaki ya machungwa, wakati kwa wino wa kawaida ningepata kahawia nisiyoitaka. Sharti ni kukausha kwanza, kwani zikikutana zikiwa mbichi, tope liko pale pale.

Njia ninayoipenda haihitaji hata brashi. Ninaibonyeza pedi juu ya kipande cha plastiki, ninanyunyiza maji mpaka wino ujikusanye katika matone kama shanga, kisha ninaiburuta karatasi juu yake mara moja tu na kuikausha kwa hewa ya moto. Ninaporudi kuigusisha kwenye matone yaliyosalia, kila tone huacha duara lenye ukingo uliokolea, na hakuna karatasi mbili zinazofanana. Anayetaka rangi zififie taratibu atumie brashi laini yenye nywele nyingi, aanzie nje ya karatasi na kuingia ndani kwa miduara myepesi. Akianzia katikati, alama ya kwanza haifutiki.

Hata hivyo, nusu ya sifa ninazoupa wino huu ni za karatasi. Niliwahi kununua bunda lililoandikwa kuwa ni la rangi za maji, likachubuka na kutoa vinyweleo mara tu lilipolowa, nami nikaulaumu wino bure. Sasa situmii karatasi iliyo chini ya gramu 300 kwa mita ya mraba, na ikijikunja ninailowesha kidogo upande wa nyuma na kuilaza chini ya vitabu. Kwa kadi ya A6, yaani sentimita 10.5 kwa 14.8, ninakata kipande chenye wino sentimita 9.5 kwa 13.8, ili ukingo mweupe wa nusu sentimita ukizunguke.

Zipo kazi ambazo wino huu si wake. Anayetaka rangi inayong'aa kama kioo atafute Distress Ink ya awali, ile yenye pedi ya kitambaa kigumu badala ya sponji, kwa kuwa ukungu wa chaki hauondoki. Vilevile, wino hubaki ukiitikia maji hata ukikauka. Nimeharibu anga nzima ya jioni kwa kuishika kadi na kidole kilicholowa, kosa langu mwenyewe, ingawa baadaye nililigeuza doa lile kuwa mwezi.

Anayeanza hahitaji pedi sita. Bluu, zambarau na waridi zinamtosha, kwa kuwa zikichanganyika kwa bahati mbaya hazizai kahawia. Kijani na nyekundu zisubiri mpaka mkono uzoee kukausha.